Matone Kwenye Boneti Nyeusi

"Usisugue!" Polishi aliudaka mkono wa binti kabla taulo halijagusa rangi. "Unataka kumwongezea mzee wako mikwaruzo juu ya madoa?"

Aliurudisha mkono. Hakuwa amekusudia kusugua. Mkono ulijipeleka wenyewe, kwa woga. Boneti nyeusi iliyokuwa mbele yake ilikuwa imejaa viduara vyeupe, mamia kwa mamia, kama vile mvua ya chokaa imepita hapo peke yake na kuliacha jiji zima.

Gari lilikuwa la bosi wa baba yake. Baba alilileta hapo kwenye kibanda cha kuoshea magari saa tatu, akamkabidhi funguo, akavuka barabara kwenda kunywa chai. Saa sita kamili alitakiwa awe kwenye lango la shule kuwachukua watoto wawili wa bosi. Na mwezi uliopita bosi alikuwa ameshasema neno lake, tena bila kupandisha sauti, jambo lililomtisha baba kuliko kama angefokewa: gari likionekana tena na madoa yale, mzee aweke funguo mezani akapumzike.

Akapumzike. Tangu siku hiyo neno hilo halikumtoka binti kichwani. Baba alikuwa dereva tangu kabla yeye hajazaliwa. Asingejua hata aweke wapi mikono yake.

"Haya ni maji ya kisima," Polishi alisema, ameinamia boneti pua ikikaribia kugusa. Alikuwa fundi wa kung'arisha rangi, na mdomo wake haukujua kulala. "Yana chumvi haya, na yamekaukia juani. Ni nani huyo kaosha gari kama anamwagilia mchicha?"

Binti alimjua aliyeosha. Kila asubuhi baba alilimwagia gari maji nyumbani kwa bosi kabla ya kutoka. Lakini baba huyohuyo ndiye aliyemfundisha kazi iliyowafanya wateja wamwite Mama Taulo. Wakati huo binti alikuwa mdogo, amesimamishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Baba akikausha paa, yeye akikausha mlango. "Ukimaliza nakagua," baba alikuwa akisema. "Nikikuta tone moja limekauka lenyewe, tunarudia gari zima." Na kweli walikuwa wakirudia.

Mtu wa namna hiyo aliachaje boneti nzima ikaukie juani?

Alikuwa na haraka, alijiambia. Ana mawazo. Yeye na Polishi walilisukuma gari hadi chini ya kibanda, kivulini, wakangoja bati lipoe. Aliosha kwa sabuni na maji ya mvua kutoka kwenye tangi, akakausha. Madoa yalibaki palepale. Akachanganya siki na maji, nusu kwa nusu, akaloweka vitambaa na kuvitandaza upande wa kulia wa boneti, polepole, kama mtu anayemkanda mgonjwa. Akahesabu hadi sitini. Akavibandua, akasuuza upesi siki isije ikala rangi, akakausha. Kisha akafumba macho, akapitisha ncha za vidole.

Laini.

"Hapo na hapo yameshazama," Polishi alisema, akiwasha mashine yake. "Hayo niachie mimi. Halafu tuipake nta, maji yawe yanateleza tu. We nenda kwenye kioo."

Kioo. Asubuhi, wakati wa kumpa funguo, baba alikuwa amesisitiza: "Kioo cha mbele ukikazanie, mwanangu. Kina madoa hayatoki."

Alikiangalia kutoka nje. Akaingia ndani, akakiangalia kutoka kwenye kiti cha dereva. Akainamisha kichwa hivi, akakiinamisha vile. Kioo kilikuwa kinanukia siki na hakikuwa na doa hata moja. Mtu alikuwa amekisugua mara nyingi mno kuliko kilivyohitaji.

Aliposhuka ndipo alipouona, kwenye kona ya bampa ya mbele, mstari mwembamba wa rangi ya kijani. Geti la bosi lilikuwa la kijani. Aliufunika kwa kiganja kana kwamba kuna mtu anamchungulia, akabaki amechuchumaa, asitake kuunganisha kioo kile na mstari huu, vitu viwili vilivyokuwa vinajiunganisha vyenyewe.

"Mmefikia wapi?" Ilikuwa sauti ya baba. Saa tano na robo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Uso wake ulimgeukia pale aliposalimia, wala si kabla.

"Mzee, leo utachania nywele kwenye boneti hii," Polishi alisema.

"Nywele zenyewe ziko wapi?" Baba alicheka, akakipapasa kipara chake.

Binti akasimama. "Bado upande huu wa kushoto, baba. Nipe dakika ishirini."

Baba akaja, akaiinamia boneti upande ule ule, viduara vyeupe vikiwa chini ya kidevu chake, vimemtumbulia macho. Akaangalia kwa makini. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mbona umeshamaliza? Safi kabisa."

Polishi akazima mashine.

Binti alisubiri acheke. Baba alipenda utani wa uso mkavu. Angehesabu moja, mbili, halafu angecheka. Hakucheka. Aliweka mkono juu ya boneti, na vidole vikakutana na mparuzo mdogo wa chumvi. Vikasimama. Vikaenda mbele, vikarudi.

"Ah," alisema baba.

Polishi aliokota ndoo zilizokwisha kuoshwa, akaenda kuziosha tena.

"Baba." Binti alimsogelea. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Baba."

Mzee alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na maji. "Mwanzoni nilidhani ni kioo," alisema. "Nikakisafisha kwa siki. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila nikikaa kwenye usukani, madoa yapo. Jua likipiga ndiyo kabisa, ni weupe mtupu." Alifikicha macho. "Juzi nikashuka garini, nikatazama mti. Madoa bado yapo."

Ng'ambo ya barabara mtu alipiga honi, na binti akashtuka mwili mzima. Akilini aliliona lango la shule. Aliona viti viwili vya nyuma, na ile pipi iliyoganda kwenye kapeti ambayo alikuwa ameibandua asubuhi kwa kucha.

"Nipe funguo," baba alisema kwa upole. "Njia ile hata gari lenyewe linaijua."

"Na geti la bosi, nalo lilikuwa linalijua?"

Hakupata kusema naye hivyo maishani mwake. Aliyasikia maneno yakitoka, akatamani kuyarudisha. Baba alielekeza uso upande wa bampa, akakosea kidogo.

"Lile geti huwa wanalifungua nusu," alisema.

"Nisamehe, baba. Sikupi."

"Unajua unachokifanya? Leo hiyohiyo ataniambia nikapumzike."

"Najua." Funguo zilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake, na alikuwa amezishika kwa nguvu hadi meno ya funguo yakamwingia kiganjani. "Madaktari wanatibu macho, baba. Mpigie bosi. Atume mtu shuleni, muda bado upo."

Alingoja afokewe. Mzee alinyoosha mkono, akalipapasa taulo begani mwa binti, akalichukua. Akaenda kwenye paa la gari, akaanza kukausha sehemu ambayo tayari ilikuwa kavu, kutoka juu kwenda chini, bila kuruka hata inchi moja.

Simu ikaita kwenye mfuko wa shati lake. Aliitoa, akaisogeza mbali na uso, akaileta karibu.

"Nisomee."

Binti aliitazama. "Ni bosi."

Baba akaichukua tena mkononi. Ikaita. Ikaita. Kivuli cha kibanda kilikuwa kimejivuta nyuma bila wao kujua, na jua lilikuwa limeshaufikia upande wa kushoto wa boneti, ambako matone ya maji yaliyorukia huko alipokuwa akisuuza yalikuwa yanapungua, moja baada ya jingine, kutoka pembeni kwenda katikati. Kwa mara ya kwanza hakuyakimbilia. Alisimama akikitazama kidole gumba cha baba, kinene, chenye ufa wa sabuni, kikizunguka juu ya kioo cha simu kutafuta mahali pa kugusa ili aipokee.