Safu ya Majina Iwe Wazi

Waraka ulikuwa na sentensi moja tu kuhusu jambo hilo: "Safu ya majina ya wanaopokea ruzuku iwe wazi." Karani wa ofisi ya kilimo aliisoma mara mbili, kama ilivyo kawaida yake, akaitekeleza. Kwa misimu mitatu alibandika ubaoni orodha yenye namba za mashamba na kiasi kilicholipwa kwa kila moja. Safu ya majina aliiacha wazi, nyeupe pe, bila hata nukta.

Hakuna aliyelalamika. Mkuu wa zamani, aliyelifungia daftari la malipo kabatini mwake na kumpa karani namba tupu, aliisifu orodha kwa usafi. Wakulima walitazama, wakaondoka kama walivyokuja.

Mkuu mpya alisimama mbele ya ubao, miwani mkononi.

"Mama, majina yako wapi?"

"Waraka unasema yawe wazi, mkuu."

"Wazi maana yake yaonekane! Siyo yasiwepo." Hakucheka, na karani alimshukuru kimoyomoyo. "Chukua daftari hili. Bandika upya kesho asubuhi. Mwenye pingamizi ana siku kumi na nne."

Mchana huo karani alichapa majina, moja baada ya jingine. Kwenye namba 217 vidole vilisimama. Jina lilikuwa la kaka yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, yule ambaye nyumbani walimwita Misumari. Misumari hakuwahi kushika jembe. Shamba lilikuwa la marehemu baba yao; hati ilikuwa kwa kaka, jasho lilikuwa la dada yao mkubwa. Kanuni ilisema ruzuku ni ya anayelima.

Kila msimu dada alikuja dirishani kuuliza ruzuku ya mbolea, na kila msimu karani alimjibu, "Jina lako halijaletwa, dada." Alisema kweli. Dada akapanda bila mbolea mara tatu.

Misumari hakuwa mtu mbaya. Alimhudumia mama yao hospitalini mpaka siku ya mwisho, na mabati ya nyumba ya dada yalitoka dukani kwake. Karani aliyapima hayo yote. Hayakubadilisha kanuni. Akachapa jina, kisha akapiga simu.

"Kaka, kesho nabandika orodha ya ruzuku."

"Nilitaka kumwambia dada, mdogo wangu. Nikakosa pa kuanzia." Halafu, kwa sauti nyepesi: "Lakini si unaacha wazi kama siku zote?"

"Naacha wazi, kaka."

"Ndiyo maana nakupenda! Kichwa chako kinafanya kazi."

Karani alikata simu. Hakuwa amedanganya, ila hakupenda jinsi jibu lile lilivyomtoka kirahisi.

Asubuhi dada alifika, kwa kuwa karani alikuwa amemwita. Alisoma orodha ubaoni kwa kidole, udongo ukiwa bado chini ya kucha, mpaka kidole kikasimama.

"Misumari huyu wetu?"

"Ndiye."

Dada alipitisha kidole juu ya jina. "Umemwandika vizuri. Hata herufi moja hukukosea."

"Majina niliyaacha mimi, dada. Misimu yote mitatu. Waraka ulisema yawe wazi, nikadhani nisiyaandike. Kosa ni langu."

"Wewe? Uliyemaliza madaftari yote ya baba kwa kusoma? Neno dogo hivyo likakushinda?"

"Likanishinda."

Karani alitoa fomu ya pingamizi kwenye droo. Alikuwa ameshaandika namba 217 juu yake. Dada aliivuta, akachukua kalamu, akasita kwenye kisanduku cha kwanza.

"Hapa pa jina la anayelima," alisema, uso mkavu, "napo niache wazi?"

Hakungoja jibu. Aliandika jina lake lote, kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ya chini ikapata alama.