Mpira Nyuma ya Mzizi

Beldina alifundishwa gofu na baba yake, mkata nyasi wa uwanja wa Kakamega enzi za Wazungu. Jioni, wenyewe wakishaingia ndani kunywa, baba alimpa fimbo iliyovunjika na kuungwa kwa waya, akamwonyesha namna ya kusimama na kupiga. Mtoto akapenda, wala hakuwa na haja ya kutazamwa na mtu.

Uhuru ulipokuja, kilabu ikafungulia Waafrika milango. Miaka mitatu baadaye Beldina alikuwa mwalimu huko Shirere, mke wa Cleophas na mama wa mtoto mmoja, Mideva, na Jumamosi humkosi uwanjani. Cleophas naye alijiunga, lakini yeye alifuata watu. Alikuwa akiuza mbegu kwa niaba ya kampuni moja ya Nairobi, na kila alipopiga mpira aligeuka kwanza kuona ni nani aliyemwona.

Siku moja alifika nyumbani akihema.

"Mama Mideva, Bwana Masinde anakuja Jumamosi. Mkubwa wetu! Anatafuta meneja wa Magharibi yote. Yeye hupendanga gofu kuliko chakula. Amesikia unacheza, anataka mshindane."

"Akaribie."

"Ila umwachie ashinde. Mpira mmoja, miwili, uupige ovyo."

Beldina aliweka chini daftari alilokuwa akisahihisha. "Nitamsalimia kwa mikono miwili. Nitamchinjia hata ingokho, kuku wangu mnono. Lakini kupiga ovyo kwa makusudi, hapana."

"Si ni mchezo tu?"

"Kama ni mchezo tu, mbona unaniomba?"

Cleophas akatoka nje.

Jumamosi Bwana Masinde alikuja na viatu vipya na kicheko kikubwa. Alicheza vizuri, hilo Beldina hakulikana, na kwa saa nzima alifurahia kupambana na mtu anayeujua mchezo. Walifika shimo la tisa, la mwisho, wakiwa sawasawa. Hapo mpira wa Bwana Masinde ukapotelea kwenye nyasi ndefu, ukakwama nyuma ya mzizi wa mti. Alipoufikia, akausukuma kwa ncha ya kiatu hadi mahali peupe.

Beldina aliona. Cleophas pia aliona, akainua macho kutazama mawingu.

Beldina aliutazama ule mzizi. Angenyamaza, nani angemlaumu? Mumewe alikuwa amesimama pale, shati limelowa jasho, akingoja cheo alichokiota mwaka mzima. Lakini Jumamosi ijayo angekanyaga nyasi hizi kwa uso gani?

"Samahani, Bwana Masinde. Mpira ulikuwa pale, nyuma ya mzizi."

Kicheko kikakatika. "Mama, unasema mimi ni mwongo?"

"Nasema ulikuwa nyuma ya mzizi."

Bwana Masinde alimtazama Cleophas. Cleophas alikuwa bado akitazama mawingu. Basi mgeni akaurudisha mpira kwa mkono wake, akatumia mapigo matatu kuutoa pale, na Beldina akashinda.

Mgeni alimpa mkono kwa ncha za vidole, akaingia kwenye Peugeot yake. Kuku aliyepikwa hakumwonja.

Cheo akapewa mtu wa Kisumu. Wiki tatu Cleophas alizungumza na mkewe mambo ya chumvi na kuni tu. Ijumaa moja akasema, "Kesho huendi kule."

"Nitaenda, Baba Mideva. Nikirudi nitapika obusuma, ugali wako, nitafua, nitafanya yote. Lakini nitaenda."

Akaenda kwa miguu, mfuko begani, na umande ukimlowesha hadi magotini. Jumamosi iliyofuata akaenda tena, na nyingine tena. Mara nyingine alimkuta mtu wa kucheza naye, mara nyingine alicheza peke yake.

Mwezi wa pili tangu siku ya Bwana Masinde ulikuwa ukiisha alipomwona mumewe ameketi kwenye benchi la mbao kando ya shimo la nne. Hakuwa na fimbo, wala hapakuwa na mkubwa yeyote karibu. Beldina aliweka mpira chini. Alipanga miguu, akapiga. Mpira ukapaa, ukadunda, ukatulia karibu na shimo.

"Unachekanga," Cleophas alisema.

"Nani, mimi?"

"Ukipiga. Unacheka peke yako. Sikujua."

Beldina naye hakujua. Alishika mfuko wake. "Nimebakiza mashimo matano. Utangoja?"

"Nitangoja," akasema, akasogea kwenye kivuli.