Mfarishi wa Magotini

Zipu ilikuwa ikilia nyuma ya pazia, inapanda, inashuka, inapanda tena. Sindano, binti wa fundi, alikohoa ili mgeni asiisikie, kisha akaburuta kiti kwa kishindo, kisha akaona haya kwa kikohozi na kwa kishindo vyote pamoja.

Mgeni alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Alikuja na furushi la vitambaa kwapani, anataka mfarishi wa arusi ya binti yake. Mtaani pale hakuna aliyehitaji kuelezwa mfarishi ni nini: vipande vya nguo vilivyoungwa juu, pamba katikati, bitana chini, na mshono unaopenya tabaka zote tatu zisije zikaachana. Mama yake Sindano alishona mifarishi tangu usichana wake, na kila mmoja ulikuwa na kazi yake. Wa maarusi ulikuwa mpana na mzito, umejaa pambo la pete zilizoshikana. Wa mtoto mchanga ulikuwa mwepesi, hauna kifungo wala uzi unaoning'inia, asije akaumeza. Wa mgonjwa ulishonwa kwa kitambaa kilicholainika kwa kufuliwa, kisimchubue. Wa msiba ulitokana na mashati ya marehemu, na huo mama hakuushona huku anapiga soga.

Ulikuwapo na mwingine, ambao haukuwekwa rafuni. Huo Sindano aliushona mwenyewe baada ya kuelekezwa na muuguzi. Ulikuwa mdogo, wa kutandazwa magotini, umejaa zipu, vifungo vikubwa, kamba za viatu na kipande cha mahameli. Haukumtia mtu joto. Kazi yake ilikuwa kuishughulisha mikono ya mtu aliyeanza kupotewa na akili, isije ikajikwaruza ngozi. Ndio aliokuwa nao mama nyuma ya pazia.

Wateja hawakujua. Waliambiwa mama ametoka, mama amelala, mama amekagua kila mshono na ameridhika. Wangejua, wangepeleka vitambaa vyao kwingine, na jina la mama lingekuwa kichekesho cha mtaa mzima. Ndivyo Sindano alivyojiambia. Lakini chini ya sababu hiyo ilikuwapo nyingine ambayo hakupenda kuigusa: alikuwa akimwonea mama yake aibu. Aliyaonea aibu mate yaliyomkauka pembeni mwa mdomo, na lile swali moja analolirudia mpaka mtu anatamani kuziba masikio.

Mwalimu mkuu alisema hataacha kitambaa hata kimoja kabla hajamwona mama mwenyewe, maana sifa zake amezisikia tangu utotoni. Sindano akajibu kwamba ametoka. Mwalimu akasema hana haraka, atamngoja, akakaa, na kiti kikalalamika.

Hapo pazia likafunguka. Mama alisimama mlangoni, gauni limefungwa kombo, mfarishi mdogo unamning'inia mkononi.

"Huyu ni nani?" mwalimu aliuliza.

Ulimi wa Sindano ulimtangulia. "Bibi wa jirani," alisema. "Huwa anakuja kupumzika hapa."

Mama alimtazama kwa makini, kama mtu anayesomewa habari zake mwenyewe. Kisha uso ukamkunjuka. Ilionekana amepewa jibu alilolitafuta muda mrefu.

"Ndiyo," alisema. "Mimi ni jirani."

Akaja akaketi karibu na mgeni, akamsalimu kwa adabu zake za zamani, akautandaza mfarishi magotini na kuanza kufunga vifungo. Mwalimu, kwa kutaka kumfurahisha mzee, akamuuliza kama hapa wanamtunza vizuri.

"Sana. Huyu binti ananiogesha. Ananilisha kwa mkono wake, na kijiko anakipuliza kwanza. Nilimpiga kofi, hakunirudishia." Akamwinamia mgeni kama anayetoa siri. "Na wala hatuna undugu. Simjui mama yake, lakini huyo mama alizaa."

Sindano aliinamia mkasi uliokuwa mezani. Masikio yalimwaka moto. Angetukanwa mbele ya mtaa mzima angevumilia, lakini sifa hizi hakujua azipokee kwa mkono upi. Mwalimu naye alikuwa akijifuta macho. Alisema watoto wa siku hizi hata mama zao wa kuwazaa hawawatazami, sembuse jirani. Akaliweka furushi mezani. Hana haja ya kungoja tena, alisema. Mtu mwenye moyo kama huu hawezi kumshonea bi arusi kazi ya ovyo.

Furushi alilolitamani lilikuwa mbele yake, na Sindano hakuthubutu kuligusa.

Mama akainuka, akaukunja mfarishi ncha kwa ncha. "Nimekaa mno," alisema. "Wenye nyumba wana kazi zao. Niende kwangu."

Mwalimu alimshika kiwiko. "Nitakusindikiza, bibi. Kwako ni wapi?"

Wakatoka hadi kizingitini. Mama alitazama upande huu wa barabara, akatazama ule. Milango ilikuwa mingi. Akageuka.

"Binti, mwonyeshe. Wewe si jirani yangu? Unapajua."

Mlango wowote ungetosha. Mwalimu angemfikisha hapo, angekwenda zake, na Sindano angemfuata mama yake baadaye. Alifikia hata kuinua mkono.

"Ni hapa," alisema, kwa sauti ndogo mpaka mwalimu akamtaka arudie. "Kwake ni hapa, mwalimu. Ni mama yangu. Ndiye uliyekuwa ukimngoja."

Mwalimu alikiachia kile kiwiko polepole. Akalitazama furushi mezani. Hakulifuata, na hakusema libaki.

Aliyefadhaika ni mama. Alimvuta Sindano mkono wa blauzi, akamnong'oneza, ingawa wote walisikia.

"Usiseme hivyo mbele za watu, binti. Mama yako akisikia umemkana, ataumia."

Sindano alimfunga kifungo cha gauni kilichokosea tundu.

"Ameshasikia," alisema.