Chumba Kisicho na Mlango

Wanajeshi walioushika mji wa Baraka walikuwa wameng'oa mlango wa chumba cha daktari, eti wapiganaji wa msituni, Mayi-Mayi, wasije wakashonwa majeraha humo kwa siri. Sasa kila mgonjwa alivua nguo na kujibu maswali mbele ya benchi zima la watu, na mbele ya askari aliyekaa kizingitini akimenya muhogo. Adolphine aliingia amelibana titi la kushoto kwa kitenge. Lilikuwa limeanza kutoa maji na kunuka, na harufu ile ilimtia aibu kuliko maumivu yenyewe. Nyuma yake aliingia Casimir, mdogo wa mumewe. Kwao Swima mwanamke haendi kupimwa bila mtu wa ukoo wa mume. Mahari ilishatolewa, mwili una wenyewe.

Daktari Fabien alilitazama titi, akaligusa kidogo, akanawa mikono. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na upole, na ni upole huo uliomponza mgonjwa wake.

"Mama, hii ni kansere. Inaomba tukate titi yote, mbele ya kusambaa. Lakini sipendi nikukate tu bila kuongea na we. Niambie, unaogopa nini?"

Anaogopa nini! Aliogopa kisu. Aliogopa kufa na kuacha watoto. Zaidi ya yote aliogopa kurudi nyumbani na kifua kitupu, watu wakasema amelogwa, au kwamba mchawi ni yeye mwenyewe. Tangu aanze kuugua hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo, na alitamani kuyasema yote. Akafungua mdomo. Askari akaacha kumenya, akainua kichwa.

"Siogope kitu, docta."

"Ku nyumba nani anakusaidia? Bwana yako iko wapi? Anapaswa kuitika, atupe ruhusa, mbele ya kupasua."

Patrice, mumewe, alikuwa porini upande wa Kilembwe, pamoja na hao hao Mayi-Mayi. Jirani yao alijibu swali kama hilo kwa ukweli, wanajeshi wakamchomea nyumba pamoja na watu waliokuwamo.

"Mama, docta anakuuliza," askari alisema. "Bwana iko wapi?"

"Alikufa, afande. Mutumbwi ilizama, maji ikamubeba."

Askari alimtazama kitambo, kisha akarudia muhogo wake. Adolphine alishusha pumzi. Amemwokoa Patrice. Daktari naye, maskini, akaamini. Akamgeukia Casimir.

"Basi neno ni ya kwako, papa. Unaitika tumukate?"

Hilo Adolphine hakuwa amelifikiria. Alimtazama shemeji yake kwa macho ya kumsihi. Casimir alijua vizuri kwamba kaka yake yu hai. Majuzi tu alimpelekea chumvi huko porini. Alikohoa, akamtupia askari jicho, akajiweka sawa kwenye kiti.

"Kama kaka yangu alikufa, huyu mama ni miye nitamuriti, atakuwa bibi yangu. Na mwanamuke wa titi moja nitafanya naye nini? Batu batanicheka. Hapana, docta. Tutamutafutia dawa ya miti."

"Docta, miye..." Adolphine alianza.

Casimir akamwinamia sikioni. "Shemeji, unataka tuseme kweli hapa?"

Adolphine akajifunga tena kitenge kifuani.

"Bila neno ya famille ya bwana yako siwezi," daktari alisema akiangalia chini. "Bataniletea vita ku hospitali. Pole, mama." Akamwita mgonjwa mwingine.

Benchi lote lilikuwa limesikia kila kitu. Wanawake waliotoka kijiji cha Nundu, wasiomjua yeye wala mumewe, walimwona mjane asiye na wa kulia naye msiba, wakapiga yowe. Wakamkalisha chini ukutani, wakamfungua kitambaa cha kichwa wamnyoe nywele, kama ilivyo desturi kwa mjane. Mmoja wao aliomba wembe, na muuguzi, kwa huruma, akatoa mpya kabisa kutoka chumba cha upasuaji. Askari alikuwa akiangalia, kwa hiyo Adolphine akainamisha kichwa anyolewe. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti ambayo hakujua kama anayo, huku ameshikilia titi lake kwa mikono miwili.

"Lia, mama," wanawake walimwambia, "lia bwana yako."