Pole kwa Njia ya Mtandao

Swali la kwanza siku ya kuandaliwa kurudi kazini liliulizwa na Mwalimu Shabani, na lilihusu chapati. Mkuu wetu wa shule, Mwanaidi, alikuwa amemaliza kutueleza kwamba kuanzia muhula ule vikao vya walimu vingekuwa mseto: walio shuleni wakae ukumbini, walio mbali waingie kwa simu, wote kikao kimoja. Akauliza kama kuna mwenye swali. Mwalimu Shabani, anayefundisha historia na anayekaribia kustaafu, akanyanyuka taratibu.

"Mkuu, nimeelewa vizuri. Sasa huyu wa kwenye simu, chapati yake inakuwaje?"

Tulicheka, na Mwanaidi mwenyewe akacheka. Akajibu kwamba aliye nyumbani atakunywa chai ya nyumbani kwake. Mzee akakaa, akasema basi hicho si kikao, hiyo ni taarifa ya habari.

Mimi nafundisha Kiswahili na nina mdomo, kila mtu shuleni anajua. Lakini Mwanaidi simsemi vibaya, maana jambo lile alilianzisha kwa nia njema. Masika ya mwaka jana Mwalimu Goodluck alianguka na bodaboda akiwahi kikao, akavunjika mguu, na kikao chenyewe kilikuwa cha kujadili rangi ya jezi. Mwanaidi alikaa naye hospitali. Akaapa kwamba mwalimu wake hataumia tena kwa ajili ya kikao. Akahangaika huku na kule mpaka akapata projekta na spika, akamweka Mwalimu Kelvin wa TEHAMA asimamie mitambo, akatuita tufundishwe kabla likizo haijaisha.

Tulifundishwa kweli. Jinsi ya kufungua linki, jinsi ya kuzima maiki, jinsi ya kunyoosha ule mkono wa kwenye simu na kusubiri kuitwa. Tukaambiwa tuvae kama tunakwenda kazini. Mwalimu Stefano akajaribu kutokea nyumbani kwake, shati safi na tai shingoni, halafu akasahau, akainuka kufunga dirisha, tukaona chini amejifunga msuli. Siku hiyo ukumbi ulikuwa na raha.

Na Celia alikuwepo. Hilo sitaki lisahaulike. Celia, mwalimu wetu wa baiolojia, alikuwa kwao karibu na Mto Ruvuma akimuuguza mama yake. Kwao ni watu walioingia kutoka Msumbiji enzi za babu zake, wakalima upande huu mpaka wakawa wa huku. Aliingia kwa simu akiwa amesimama nyuma ya jiko, ndipo mtandao unaposhika vizuri. Mwanaidi akatuonyesha kwenye ukuta: "Mnamwona Celia? Anauguza na bado yupo nasi." Mama yake akasogezewa simu, akatupungia mkono uliobaki mifupa. Sote tukampungia. Nikasema moyoni, kumbe kitu hiki kina faida.

Celia na Mwanaidi walikuwa zaidi ya marafiki. Mume wa Mwanaidi alipofariki, Celia ndiye aliyefika nyumbani kwake Likombe kabla ya ndugu wengine, akalala mkekani pamoja naye mpaka hitma ikasomwa. Mkristo yule, katikati ya wanawake wa Kiislamu, ushungi unamteleza kila saa, anaitikia amina kuliko sisi wenyewe. Na eda yote ya Mwanaidi, yeye ndiye aliyekuwa akiwapeleka watoto kukata nywele na kununua madaftari. Alimwita dada. Hata mbele ya maafisa elimu alimwita dada, na Mwanaidi hakuwahi kumkataza.

Wiki ile ya kuelekea kufungua shule, ujumbe ukaingia kwenye grupu la walimu: "Mama ametutoka. Tunazika Jumamosi."

Kwetu mwalimu akifiwa hakuna mjadala. Tunakodi gari, wanawake tunabeba mchele na sukari, wanaume wanakwenda kukaa na wanaume wenzao, na angalau usiku mmoja tunalala. Ndivyo tulivyofanya kwa kila mtu, hata kwa yule mlinzi aliyekuwa hana miezi mitatu kazini. Mimi nilikwisha kukunja kanga kwenye mkoba niliposoma ujumbe wa Mwanaidi.

Aliandika kwamba kalavati la njiani limekatika kwa mvua, kwamba shule inafunguliwa Jumatatu, na kwamba ofisi ya elimu inasubiri picha za kikao chetu cha kwanza cha mseto. Kwa hiyo pole tutaitoa Jumatatu kwenye kikao, agenda ya kwanza, walimu wote kwa pamoja. Rambirambi itatumwa kwa simu. Mwishoni akaongeza kwamba hii ndiyo faida ya mfumo mpya, hakuna atakayekosa.

Nilimpigia palepale. "Mkuu, msiba hauendewi kwa simu."

"Zuhura, unataka mwingine avunjike mguu?"

"Watu wanapita pale. Wanashuka, wanavuka kwa miguu, wanapanda pikipiki nyingine."

"Umewaona?"

Sikuwa nimewaona, nilikuwa nimesikia tu. Akasema asingebeba roho za watu kwa jambo la kusikia. Nilikasirika nikakata simu. Mwalimu Shabani aliandika kwenye grupu maneno matano tu, "Fimbo ya mbali haiui nyoka," wengine wakaweka vidole gumba, na hakuna aliyekodi gari. Mkuu akishasema, wengi hufurahi kuwa wamesemewa.

Jumatatu mambo yote yalikwenda sawasawa. Umeme ulikuwepo, mtandao ulikuwepo, Kelvin alikuwa amevaa koti. Ukutani wakatokea Goodluck, Stefano, na Rukia wa hesabu aliyekuwa bado Nanyamba kwa wazazi wake. Mwanaidi alikuwa anang'aa. Mwisho akaingia Celia.

Alikuwa amekaa barazani kwao, kitenge kichwani, macho yamevimba. Nyuma yake tuliona uwanja wa msiba wenyewe: wanawake mikekani, wanaume kwenye mabenchi, na mbele kabisa, karibu na mlango, benchi moja refu limefutwa vizuri na hakuna aliyelikalia. Nilidhani ni la padri.

Mwanaidi akasoma pole. Alikuwa ameiandika, na aliiandika vizuri, siwezi kusema uongo. Kwa niaba ya uongozi, walimu, wafanyakazi wasio walimu na wanafunzi. Lakini ilisomwa kama waraka unavyosomwa. Tukasimama kimya. Hata Goodluck kule nyumbani kwake alisimama, ameshika meza. Celia akainamisha kichwa, akawasha maiki kama tulivyofundishwa, na kabla hajasema neno, mzee mmoja akaingia kwenye picha. Baadaye nilijua kuwa ni Mjomba Silvio, kaka wa marehemu, ndiye mwenye msiba.

"Celia, walimu wenzio washafika? Tuwatolee maji?"

"Hawa hapa, mjomba."

Mzee akainama, akasogeza uso mpaka ukajaa ukuta wetu mzima. Alitutazama mmoja mmoja.

"Hawa ndo wenyewe? Mbona wamo nsimu? Wao wako wapi?"

"Wako shuleni."

"Njia imewashinda?"

"Njia mbaya, mjomba. Kalavati limekatika."

"Kuna ntu katoka huko huko asubuhi hii na baiskeli."

"Wao ni wengi, mjomba."

Alitutetea. Tulimwacha peke yake na msiba wa mama yake, naye akawa anatutafutia uongo wa kutusitiri mbele ya mjomba wake, na sisi tunasikia kila neno. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwanaidi alikuwa amekwisha simama. "Mjomba, shikamoo! Mjomba, naitwa Mwanaidi, mimi ndiye..." Alisema mengi, aliomba radhi, alisema tunakuja. Lakini Kelvin alikuwa amezima maiki ya ukumbi ili sauti zisigongane Celia anapozungumza, kama mafunzo yalivyosema. Kule hawakusikia lolote. Waliona mwanamke kwenye simu anafungua mdomo na kufunga.

"Haya," mzee akasema. "Lile benchi lao tuwape wengine?"

"Wapeni."

Wanaume wawili wakalinyanyua lile benchi refu la mbele, wakalipeleka kwa watu waliokuwa wamesimama juani. Kelvin alikuwa anahangaika na kompyuta. Alipofanikiwa kuwasha maiki, Celia alikuwa ameshatugeukia.

"Asanteni sana, walimu. Asante sana, Mkuu. Naomba ruhusa nitoke kikaoni."

Akatoka. Goodluck, Stefano na Rukia wakasogea kujaza nafasi yake.

Mwanaidi alisimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Kisha akasema agenda ya pili ni ratiba ya zamu. Akasoma majina mawili, la tatu likamshinda. Akafunga faili, akafunga kikao, akaenda ofisini kwake, na mimi nikamfuata kwa sababu hasira yangu ilikuwa imeisha. Nilimkuta analia kwa sauti, mtu mzima yule, hakujali nani anapita.

"Kaniita Mkuu," alisema. "Zuhura, umesikia? Kaniita Mkuu."

"Nimesikia."

"Twende."

"Leo hatufiki, mvua inakuja. Kesho alfajiri."

Tuliondoka kabla ya jua na bodaboda mbili. Tulipofika kwenye kalavati tulishuka. Maji yalikuwa yanapita juu ya mawe, mekundu, yana kelele, lakini hayakufika hata magotini. Tulivua viatu, tukakunja nguo, tukavuka. Katikati tukapishana na mama mmoja mwenye beseni la muhogo kichwani na mtoto mgongoni, akatusalimu kama tumekutana sokoni. Mwanaidi aligeuka akayatazama yale maji muda mrefu.

"Ni haya?" akaniuliza.

"Ndiyo haya."

Tukapanda pikipiki nyingine mpaka tukafika.

Matanga yalikuwa yameanuliwa asubuhi ile ile. Wanawake walikuwa wanakung'uta mikeka, vijana wanarudisha viti vya watu, majivu ya mafiga yamekwisha kumwagiwa maji. Celia alitoka ndani akatupokea vizuri. Tukakumbatiana, tukalia, akatupeleka kaburini, msalaba bado mbichi. Akatuonyesha na pale nyuma ya jiko alipokuwa akisimama na simu. Mjomba Silvio alitupa mikono yote miwili, akatuuliza habari za njia. Hakuna aliyetulaumu. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa, na nadhani Mwanaidi alikuwa anaitamani lawama ile, maana ugomvi una mlango wa kutokea, na sisi tulikuwa hatuoni mlango.

Tulipewa chakula. Tulipomaliza, Mwanaidi akainuka, akaifunga kanga kiunoni, akazunguka nyuma ya nyumba walikokuwa wanawake na masufuria ya msiba, yale makubwa yaliyoungua. Nikamfuata. Akachuchumaa katikati yao, akachota majivu, akaanza kusugua sufuria kwa nguvu zake zote. Wanawake wakanyamaza, wakatazamana.

Celia akaja. Akainama, akaitoa ile sufuria mikononi mwake polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Hapana, Mkuu. Mgeni haoshi vyombo."

"Celia. Mimi ni mgeni kwako?"

"Karibuni mkakae barazani. Chai inaletwa."

Mwanaidi alikuwa na majivu mpaka kwenye viwiko. Akajaribu kucheka. "Basi nitakaa. Mgeni siku mbili, ya tatu si anapewa jembe? Nitakaa mpaka siku ya tatu, unipe jembe langu."

Celia akatabasamu. Mimi namjua Celia anapocheka, hutupa kichwa nyuma na kuonyesha pengo. Lile lilikuwa tabasamu la kumpa mgeni wa heshima, halikufika popote.

"Shule imefunguliwa, Mkuu," akasema kwa upole. "Kesho mna vipindi."

Kisha akachuchumaa pale pale alipokuwa Mwanaidi, akaivuta sufuria, akaendelea kusugua. Mmoja wa wanawake akamwambia kitu kwa Kimakonde, naye akajibu, na mazungumzo yao yakarudi kama yalivyokuwa kabla hatujafika.

Viti viwili vilikuwa vimewekwa barazani, vya mikono, vimefutwa. Mwanaidi akaifungua kanga kiunoni, akaikunja, akaenda kukaa kwenye kile alichoonyeshwa.