Beki wa Kushoto Aliyeona Nusu Uwanja

Watu wa mji wetu wa Aldersyke, Uingereza, walidhani Breixo Lamas haogopi kitu. Walimwona kila Jumamosi akijitupa miguuni mwa mawinga, akiinuka na matope hadi kwenye nyusi, wakamwimbia kwamba Mhispania wao ana moyo wa chuma. Mimi nilikuwa jirani yake, nyumba zetu zimeshikana ukuta, na kila asubuhi ya mechi nilimsikia akitapika. Kisha nilimsikia mkewe, Antía, akimsemesha polepole kwa Kigalisia, lugha ya jimbo lao la Galisia huko Hispania, halafu maji, halafu mlango, halafu gari likiondoka.

Aliogopa mambo mengi. Kupanda ndege, mbwa wa jirani wa pili, simu ya kocha. Alipofika kwetu, kijana wa miaka ishirini na minne, aliogopa hata duka la chipsi, maana mwenye duka anaongea kama anatafuna kokoto.

"Mimi nasema ndiyo tu, Bi Glenys," aliniambia. "Jana nimesema ndiyo, nikapewa njegere za kupondwa. Nimekula zote, nisimuudhi."

Jina lake lilitushinda, lina iksi katikati inayosomwa kama sh. Mjini wakamwita Brisho, akaitikia. Miaka ikapita. Alikuwa beki wa kushoto wa kuaminika, si nyota, na alicheza karibu kila mechi. Nami sikukosa mechi ya nyumbani, kwa sababu marehemu mume wangu aliniachia kiti chake mstari wa pili, kando ya upande anaocheza Breixo kipindi cha kwanza. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia anavyohema.

Msimu wake wa sita ulikuwa mbaya kwa timu. Ilipofika Aprili tulikuwa tunaning'inia ukingoni mwa kushuka daraja. Siku moja mazoezini mwenzake alipiga shuti kutoka karibu, likampata Breixo usoni. Jicho la kulia likawa jekundu, likavimba, likapona. Alitania kwamba sasa anafanana na baba yake akitoka baa. Tukasahau.

Jumanne moja, majuma kadhaa baadaye, nilikuwa nafuta madirisha ya mbele nikasikia kishindo. Gari la Breixo lilikuwa limeingia kwenye nguzo ya geti langu, upande wa kulia, mchana mweupe, barabara tupu.

Nilitoka na kitambaa mkononi. "Hukuiona?"

"Nimeiona."

"Umeiona ukaigonga?"

Hakucheka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, uso umemwisha rangi. Nikamfungulia mlango, nikamwingiza jikoni, nikamwekea chai. Alikinyooshea mkono kikombe, vidole vikapita pembeni yake, vikagonga bakuli la sukari.

"Breixo, kijana wangu. Kuna nini?"

"Usimwambie Antía."

"Sijajua hata la kumwambia."

Akaongea akiwa ameinamia meza. Kwanza aliona vijidudu, alisema, vitu vyeusi vidogo vinaogelea mbele ya jicho, akidhani ni inzi, akavipungia mkono. Kisha vimulimuli, kama mtu anampiga picha kutoka pembeni, hata akifumba macho. Na tangu Jumapili kulikuwa na pazia.

"Pazia gani?"

"Jeusi. Linatoka huku." Akagusa upande wa nje wa jicho la kulia. "Jana lilikuwa dogo. Leo asubuhi limesogea. Nikilala nadhani litarudi nyuma. Nikiamka limesogea tena."

"Na daktari wa timu anasemaje?"

Akarudisha bakuli la sukari mahali pake.

"Hujamwambia?"

"Zimebaki mechi mbili, Bi Glenys. Beki mwingine wa kushoto amevunjika mguu. Nani atacheza? Na mkataba wangu unaisha kiangazi. Ukishaandikwa mgonjwa wa jicho, nani atakuchukua?" Kisha sauti ikashuka. "Na daktari akiniambia ndiyo, jicho limekufa? Sasa hivi bado sijui. Nikienda nitajua."

Nilielewa. Marehemu mume wangu Harold naye alikaa na uvimbe shingoni majira yote ya baridi kwa sababu hiyohiyo. Basi sikumbembeleza. "Kunywa chai yako," nikamwambia. "Ukimaliza, unaingia kwenu na kumwambia mkeo. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi nitamwambia kwa sauti."

Akaenda. Jioni Antía alikuja kuomba radhi kwa ajili ya geti, na bakuli la supu ya kabichi mkononi. Msichana mwembamba, mkali, anayetembea haraka kuliko wote mtaani.

"Breixo anasema vumbi limemwingia jichoni," alisema. "Ndiyo maana aligonga."

"Amekwambia vumbi?"

Akanitazama. Akaniwekea bakuli mikononi. Nikamwambia yote: inzi, vimulimuli, pazia. Akageuka, akaondoka, akaacha mlango wangu wazi.

Usiku huo ukuta haukunisaidia, maana sijui Kigalisia. Lakini kilio hakihitaji tafsiri. Antía alipaza sauti, akabembeleza, akapaza tena. Breixo alirudia neno moja tu, *sábado*, *sábado*, na hilo nilikuwa nimeshalijua. Jumamosi. Baada ya Jumamosi.

Kesho yake Antía alimpigia daktari wa timu. Breixo alimnyang'anya simu, akasema mkewe ana wasiwasi wa bure, akacheka vizuri kabisa. Aliniambia Antía mwenyewe, akiwa amekaa kwenye ngazi yangu. "Alicheka, Glenys. Nilimwona uso wakati anacheka. Sijawahi kuogopa uso wa mume wangu."

Jumamosi Antía alikuja uwanjani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa kuwa hawezi kumtazama akigongwa. Nilimpatia nafasi pembeni yangu. Hakuvua glavu, na mkono wake haukuniachia mkono.

Wale jamaa wa upande wa pili walikuwa na winga mmoja, Jermaine Ashby, kijana mwepesi kama karatasi kwenye upepo. Beki wa kushoto akiangalia mbele, mstari uko kushotoni mwake na uwanja wote uko kuliani. Kwa Breixo, kulia kulikuwa giza. Nilimwona akigeuza kichwa, akigeuza tena, kama kuku anayevuka barabara. Ashby naye aliona. Mara ya kwanza alipita nje, Breixo akamnyang'anya mpira. Mara ya pili akakata ndani, na Breixo akabaki amesimama, anautafuta mpira ambao sote tulikuwa tunauona.

"Amka, Brisho!" mtu mmoja nyuma yetu akapiga kelele. "Umelala na macho wazi?"

Watu wakacheka. Antía akabana mkono wangu mpaka pete yangu ikaniumiza.

"Mwambie atoke," alininong'oneza. "Glenys, mwambie atoke."

"Breixo!" niliita. Hakuniangalia. Uso wake ulikuwa umelowa, na mvua haikuwa imenyesha.

Mpira wa juu ukaja. Krosi ndefu, ikielea kuelekea nguzo ya mbali ya goli letu, yaani upande wa Breixo. Kipa wetu, Lachlan Pryce, jitu la Wales lenye mikono kama makasia, alitoka akipiga ukelele, "Wangu! Wangu!" Uwanja mzima ulimsikia. Breixo naye bila shaka alisikia, lakini hakumwona mwenye sauti. Akaruka. Akampiga Lachlan kwa paji la uso, mfupa kwa mfupa, na mlio ule ukafika mpaka kwetu.

Lachlan akaanguka kama gunia, hakujiinua.

Kuna ukimya wa watu elfu kumi ambao siutamani tena. Refa alipuliza kipenga, wahudumu wakakimbia. Breixo alikuwa amepiga magoti, ameshika jezi ya Lachlan, anamtikisa. Nilisoma midomo yake. "Amka. Amka. Lachlan, amka."

Damu ilikuwa kwenye nyasi. Antía alikuwa amefumba macho, ananiuliza, "Ni yeye? Ni yeye ameanguka?"

"Si yeye. Ni kipa."

"Amekufa?"

"Sijui."

Kisha goti moja la Lachlan likapinda. Akaketi, damu inachuruzika toka kwenye nyusi, akatukana tusi refu la kwao, na jukwaa zima likapumua. Breixo hakupumua. Aliinuka na kuanza kutembea. Hakuelekea kwenye nafasi yake wala kwenye benchi. Alikuja moja kwa moja upande wetu, damu ya Lachlan imemfunika jicho la kushoto, mikono mbele kidogo, kama mtu anayetembea kwenye chumba kisicho na taa.

Kocha, Bwana Cudworth, alikimbia pembeni ya mstari. "Wewe! Unaenda wapi? Rudi uwanjani!"

"Tazama huyo!" jamaa wa nyuma yetu akadakia. "Anakimbia! Muoga!"

Nikageuka. "Wewe uliyemaliza pai mbili tangu mechi ianze, funga huo mdomo au nitaufunga mimi."

Breixo alifika kwenye kibao cha matangazo. "Antía," aliita, ingawa mkewe alikuwa ameshasimama mbele yake. "Sioni. Antía, sioni."

Aliruka kile kibao sijui vipi, akamkumbatia. Bwana Cudworth alifika akiwa bado anafoka, akaona namna Breixo alivyomkodolea macho bila kumlenga, akaacha sentensi katikati. "Mungu wangu," alisema. "Daktari! Leteni daktari hapa!"

Daktari wa timu alimmulika jichoni kwa tochi ndogo, muda mfupi sana, akazima tochi. Alikuwa mweupe kama shati lake. "Gari," alisema. "Sasa hivi."

Katika hospitali ya macho ya mji mkubwa mpasuaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti tulivu. Alitueleza kwamba ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho imepasuka na inabanduka, kama karatasi ya ukutani kwenye chumba chenye unyevu. Imebaki sehemu ndogo ya katikati. Ikibanduka na hiyo, basi.

"Utafanya leo?" Antía aliuliza.

"Ndani ya saa hii. Atakuwa macho. Tutaliganzisha jicho tu."

Breixo alinishika mkono, mimi, kwa sababu nilikuwa upande anaoona. "Nitaona sindano ikija?"

"Utaona vivuli," mpasuaji akamjibu. Hakumdanganya, nikampenda kwa hilo.

Tulingoja kwenye viti vya plastiki. Antía alisali, akalaani, akasali. Kila mlango ulipofunguka tuliinuka. Baadaye Breixo alitusimulia kwamba ndani ya jicho aliona vitu vyembamba vikitembea, kama miguu ya buibui nyuma ya kioo, na alitaka kupiga kelele lakini aliogopa kupiga kelele kusimtikise.

Walimwekea povu la gesi ndani ya jicho, la kuibana ile ngozi ishike. Sharti lilikuwa moja: alale uso chini, mchana na usiku, juma zima, povu libaki mahali pake. Ataona kiasi gani baadaye, hakuna aliyetuambia.

Aliyeleta meza ya kumlazia ni Lachlan. Ilikuwa ile ya klabuni ya kukandia wachezaji, yenye tundu la uso, aliipakia kwenye gari lake bila kumuomba mtu, akaibeba mgongoni hadi sebuleni kwao, nyusi zake zimeshonwa nyuzi. Breixo aliposikia sauti yake akaanza kuomba radhi kupitia tundu, akiyaambia maneno hayo zulia.

"Subiri," Lachlan akasema. "Siwezi kusamehe kisogo." Akalala chali chini ya meza, jitu zima, ili waonane. "Haya. Niko hapa kama fundi chini ya gari. Sema."

"Nilidhani nimekuua."

"Wewe? Kwa kichwa hicho? Mama yangu ana kichwa kigumu zaidi."

Tulicheka, Antía akacheka mpaka akakaa chini. Halafu Breixo akauliza habari za mechi ya mwisho ya msimu, iliyochezwa katikati ya juma. Lachlan hakupindisha. "Tumefungwa. Tumeshuka."

Kisha Lachlan akapangusa uso. "Chozi lako limeniingia jichoni, mwendawazimu. Unataka tuwe vipofu wawili?"

Povu lilipoanza kupungua, mwanga uliingia kutoka juu, ukingo mwembamba kwanza. Siku alipoweza kusoma namba ya basi kutoka dirishani, kwa jicho lile peke yake, aliisoma kwa sauti mpaka basi likapotea. Hata hivyo uoni wake haukurudi wote. Pembeni kumebaki ukungu mpaka leo, na mistari iliyonyooka anaiona imepinda.

Klabu yetu haikumpa mkataba mpya. Alikaa bila timu majira ya baridi, kisha klabu ndogo ya Saltmere, madaraja mawili chini, ikamjaribu baada ya madaktari kuridhia. Alichezea huko misimu miwili, akastaafu, wakarudi Galisia, ambako sasa anafundisha mabeki wa timu ya kijiji.

Mechi yake ya kwanza Saltmere mimi na Antía tulikwenda. Baridi kali, watu wachache, uwanja una mteremko. Dakika za mwanzo tu mpira wa juu ukaja kutoka kulia, naye akainama, akaziba uso kwa mikono. Mpira ukampita, ukatoka.

"Ulidhani ni bomu, babu?" mtoto mmoja wa shule akamtania, na wote wakacheka.

Antía hakucheka. Mpira wa pili ukaja, Breixo akarudi nyuma, akauacha udunde. Wa tatu ulikuja juu zaidi, na winga anakuja nao. Nilimwona akigeuza shingo yote, akautafuta, akaupata. Akaruka, akaupiga kichwa hadi katikati ya uwanja.

Garini, wakati wa kurudi, Breixo alikuwa bado hajavua viatu vya mpira.

"Ule wa tatu," Antía alisema, "ulikuwa mzuri."

"Ule wa tatu," alisema Breixo, "nilifumba macho yote mawili."

Antía ilimbidi asimamishe gari pembeni, hakuweza kuendesha kwa kicheko.