Makaa Yaliyoshiba

Gunia lilikuwa limefunguliwa, na makaa yamepungua hadi nusu.

Salwa alisimama uani, buibui bado mwilini. Hayakuwa makaa ya kupikia yale. Aliyatengeneza mwenyewe kwa vifuu vya nazi, akayatia katika tangi la majitaka la zahanati anakofanya kazi, yanase mabaki ya viuavijasumu kabla maji hayajafika baharini. Miezi ikapita, yakashiba. Juzi aliyaleta nyumbani ayachome upya kwenye pipa lake, uchafu uungue yatumike tena.

"Mama, nani amefungua gunia?"

"Mimi." Bi Mwanakombo, mama mkwe wake, aliendelea kukuna nazi. "Si wewe unayetuchosha masikio, makaa yangu yanasafisha maji, makaa yangu yanasafisha maji? Leo nimeyatia mtungini. Maji yalikuwa yananuka kutu, sasa matamu."

"Hayo yamekwisha kazi, mama. Uchafu wote wa wagonjwa umo ndani yake."

"Mbona maji yameng'aa?"

"Vijidudu havionekani. Vilivyomo humo vimeishi na dawa mpaka vimeizoea. Vikimwingia mtu, daktari hana la kumpa."

Mbuzi ya nazi ilinyamaza.

"Tofiki amekunywa?" Salwa aliuliza. Tofiki ni mwanawe, ana miaka minne.

"Hajarudi kutoka chuo cha Kurani. Mimi ndiye niliyekunywa." Bi Mwanakombo alijifuta midomo kwa ncha ya leso, akarudia tena, kwa nguvu.

Salwa aliupindua mtungi. Vipande vilivyomwagika vilijaa viganja viwili tu. Akaligeukia gunia.

"Na mengine?"

"Nilimpelekea Dama jana asubuhi. Maji ya kisima chao yana chumvi, naye ana kichanga. Niliona nipate thawabu."

Dama, jirani yao, walimkuta mlangoni pake, mtoto mapajani, nywele za mtoto zimelowa.

"Shikamoo, mama. Karibuni. Umeniokoa kwa makaa yako. Tangu jana namwogeshea maji yale, na kitovu nakiosha kwayo."

"Hebu nikione," Salwa alisema.

Dama alifunua kanga. Kitovu kilikuwa kibichi, na pembeni ngozi imeanza kuwa nyekundu.

"Amenyonya leo?"

"Hataki. Amelala tu tangu alfajiri. Mtoto mpole huyu, hanisumbui."

Salwa alinyosha mkono amguse, akaurudisha. Bi Mwanakombo ndiye aliyeinama, akaweka kiganja kwenye paji dogo, akakiacha hapo.

"Dama, mwanangu," alisema polepole, "vaa viatu. Twende hospitali."

"Kuna nini, mama?"

Bi Mwanakombo hakukiondoa kiganja.

"Anaungua."